Kaunta buku au simu janja: ulinganisho wa fundi cherehani mwenye ADHD

Mafundi cherehani tuna jina baya mjini, na tumelichuma wenyewe. Unampelekea fundi kitenge Jumatatu, anakwambia njoo Ijumaa. Ijumaa anakwambia, "Bado vifungo tu dada, pitia kesho," na huku unakiona kitambaa chako kimekunjwa vile vile ulivyokikunja. Kwa wengi hayo ni maneno ya biashara. Mimi kwa miaka kumi na moja nilikuwa nasema Ijumaa na moyoni naamini Ijumaa. Ila Ijumaa yangu ilikuwa haina vishindo. Siisikii ikija, nashtukia imesimama mlangoni pamoja na mwenye nguo.

Nilikuwa na miaka 34 daktari wa afya ya akili aliponipa jina la jambo hili: ADHD, yaani tatizo la umakini na kutotulia. Kwa ufupi, umakini ninao, tena mwingi, lakini usukani wake haunitii. Naweza kukaa asubuhi nzima natarizi ua moja kwenye kola, chai ikapoa pembeni, na mteja niliyemwahidi saa sita akaja na kuondoka bila mimi kukumbuka kwamba nilimwahidi. Nyumbani walikuwa na majina yao ya zamani: kichwa maji, mzembe, mtoto asiyetulia.

Tangu siku hiyo kila anayenipenda amenipa ushauri, na ushauri wote ni wa aina mbili. Wa kwanza: pakua programu fulani, itakupanga. Wa pili, ambao siku hizi ndio unavuma: achana na simu, rudi kwenye daftari, saa ya mkononi na kitochi (simu ya batani), uwe mtu wa analojia. (Sisi wa Dar neno hilo tulilijua vizuri mitambo ya zamani ya televisheni ilipozimwa usiku wa 31 Desemba 2012. Kwa muda mrefu kumwita mtu analojia lilikuwa tusi. Leo watu wanalipia kuwa hivyo.) Nimefuata shauri zote mbili kwa mwaka mmoja na nusu, kitu kimoja kimoja, juu ya meza ya kukatia nguo.

Kwanza niseme hili: simu haikunipa ADHD. Mwongozo wa uchunguzi uliotolewa na madaktari wa akili wa Marekani mwaka 2013, unaotumika nchi nyingi, unataka dalili ziwe zimeonekana kabla mtu hajafika miaka 12. Mimi nilipokuwa na miaka 12 kwetu hapakuwa na simu ya aina yoyote. Palikuwa na mtoto anayetumwa maji na kurudi bila ndoo. Kuna utafiti wa 2018 uliofuatilia wanafunzi 2,587 wa sekondari huko Los Angeles kwa miaka miwili, nao uliona kwamba waliotumia sana mitandao na vifaa vya kidijitali walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuonyesha dalili baadaye. Tofauti haikuwa kubwa, na watafiti wenyewe hawakusema simu ndiyo iliyosababisha. Kwa hiyo kutupa simu si tiba, na kama daktari amekuandikia dawa, daftari si mbadala wake. Tunachochagua hapa ni vyombo vya kazi, kama unavyochagua sindano kwa kuangalia kitambaa.

Nina maswali mawili ninayokiuliza kila chombo. La kwanza: kikihitajika, kinanishtua chenyewe, au kinakaa kimya kusubiri nikikumbuke? La pili: kikishanishtua, kinaniachia nirudi kazini, au kinanishika mkono kunipeleka kwingine? Simu ni bingwa wa kushtua na haina adabu ya kuachia. Daftari linaachia vizuri sana, ila halijawahi kumshtua mtu yeyote.

Oda: kaunta buku na WhatsApp

Hapa ndipo nilipopoteza pesa nyingi, kwa hiyo nitakaa.

WhatsApp ina sifa zake. Mteja ananitumia picha tatu: mkono wa gauni hili, shingo ya lile, marinda ya la tatu. Anatuma ujumbe wa sauti wa dakika nne unaoanza na salamu, unapitia kwa mgonjwa wa Ilala, na vipimo viko katikati. Vyote vinabaki, vina tarehe, naweza kuvitafuta hata nikiwa kwenye daladala. Akisema "mimi sikusema mkono mrefu," ushahidi upo. Kwa mtu ambaye kumbukumbu yake ni chujio, hilo si jambo dogo.

Sasa tazama kinachotokea. Kitenge kimetandazwa mezani, nimeshabana pini, chaki iko mkononi, nataka namba moja tu: urefu wa mkono. Nachukua simu. Kabla sijafika kwa mteja, juu yake kuna grupu la wazazi wa shule, wanabishana kuhusu mchango wa mahafali. Nasoma. Mmoja ameweka picha ya sare, na mshono wa bega umekaa vibaya. Nani alishona hii? Naingia kwenye status yake kutazama vizuri. Hapo kuna video ya mtu anapika pilau. Ninaponusa kitu kinaungua nadhani ni pilau, kumbe ni bitana ya mteja mwingine chini ya pasi. Dakika arobaini zimepita, bitana ina alama ya pasi kama kiatu, na urefu wa mkono bado siujui.

Kaunta buku langu limepangwa hivi. Mteja mmoja, ukurasa mmoja. Juu kabisa, kwa kalamu nyekundu, siku ya kuchukua nguo. Chini yake vipimo: bega, kifua, kiuno, hipsi, urefu wa mkono, urefu wa gauni. Pembeni nachora mshono, mchoro mbaya ambao naulewa mimi peke yangu. Chini, advansi na salio. Na kwenye kona ya juu kulia nabana kwa pini kipande cha kitambaa chake chenye ukubwa wa kiberiti. Kipande hicho ndicho roho ya daftari. Majina nasahau, sura nachanganya, lakini kitambaa sisahau. Napitisha kidole kwenye kona za kurasa, kitenge, kitenge, lesi, satini, hapa: yule mama wa satini ya kijani ana harusi ya mdogo wake. Nasoma namba, nainua macho, na bado niko mezani kwangu, chaki mkononi. Ndani ya daftari hakuna mlango wa kutokea.

Watu hupenda kusema kuandika kwa mkono kunaifanya akili ishike zaidi. Utafiti maarufu wa 2014 wa Marekani uliosema hivyo kuhusu wanafunzi wanaoandika darasani ulirudiwa baadaye na wengine, na faida ile haikujitokeza kama mwanzo. Kwa hiyo sikuahidi akili. Nakuahidi ukurasa usiokuwa na video ya pilau.

Kasoro za daftari ni mbili, na zote zimenikuta. Moja, linakaa mahali pamoja tu, na mahali hapo panaweza kuwa kiti cha daladala ya Mbagala wakati wewe umeshashuka. Nilipoteza vipimo vya wateja 26 siku hiyo. Nikasema nitawapigia wote niwaombe radhi, halafu nikakumbuka namba zao ziko kwenye daftari lile lile. Mbili, ukurasa uliofunikwa ni ukurasa uliokufa. Kwetu sisi kisichoonekana hakipo. Nguo ya Ijumaa ikiwa ukurasa wa nyuma, Ijumaa hiyo haitakuja kamwe.

Kasoro ya kwanza niliiziba kwa simu: kila jioni nikifunga, napiga picha kurasa za siku hiyo. Simu hapo ni ghala, si meza. Ya pili niliiziba kwa ubao mweusi mdogo unaoning'inia mbele ya cherehani, ninaouandikia kwa chaki ile ile ya fundi. Una mistari mitano. Nguo tano, si zaidi. Ya sita haiingii mpaka moja itoke, na binti ninayemfundisha kazi ndiye anayeifuta, kwa sababu mimi nikiachiwa nitafuta kwa matumaini.

Tahadhari kwa anayetaka kuanza. Kuna mtindo wa kupanga daftari kwa alama, faharisi na kuhamisha yasiyofanyika kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine, uliotolewa hadharani mwaka 2013 na Ryder Carroll wa New York, ambaye mwenyewe alikua na tatizo hili la umakini. Mtindo ni mzuri, na aliubuni kwa shida kama zetu. Tatizo ni waliokuja baadaye wakaupamba kwa wino wa rangi saba. Nilidumu nao wiki tatu. Kabatini kwangu kuna makaburi ya madaftari mazuri, kila moja lina kurasa nane za kwanza zenye mwandiko wa kuolewa nao, halafu weupe mpaka mwisho. Sisi tunapenda kitu kipya kuliko tunavyopenda kitu. Nunua daftari baya, la jalada gumu, ambalo hutaona huruma kulichafua. Jipya lisikuingie mkononi mpaka la zamani liishe.

Uamuzi wangu: andika na fanyia kazi kwenye karatasi, hifadhi kwenye simu, na ya leo yakae ukutani.

Saa

Kwenye kushtua, hakuna kinachoifikia alamu ya simu. Ni nyingi utakavyo, kila moja ina jina, inalia, inatetemeka, inarudia. Nilifika alamu kumi na nne kwa siku. Mwezi wa kwanza niliwahi kila kitu. Mwezi wa pili mkono ulishajifunza kuzizima bila kunishirikisha, kama anayefukuza nzi. Isitoshe, ukizima alamu ya simu, umeishika nini? Simu. Swali langu la pili hapo linaanguka kila mara.

Nikahamia saa ya mkononi, Casio F-91W, ile ya plastiki nyeusi iliyotoka 1989 na ambayo karibu kila kaka mtaani alishawahi kuivaa. Ina alamu moja tu kwa siku. Lakini ina kitu ambacho sikuwahi kukijali nikiwa shule: kila saa inapotimia inalia pi-pi. Haikuamrishi kitu. Inakwambia tu saa moja nyingine imekwisha. Mtu asiyekuwa na shida hii hataelewa kwa nini hilo ni habari. Kwangu dakika tano na dakika hamsini zina ladha moja, na ile pi-pi ndiyo kijiko cha kuonjea. Betri yake inakaa miaka, na hakuna cha kuperuzi ndani yake.

Saa ya ukutani ya mishale ina faida nyingine. Tarakimu za simu zinakwambia sasa ni ngapi, basi. Mishale inakuonyesha muda kama kipande cha kitambaa: kutoka hapa mpaka pale ndicho kilichobaki, unakiona kwa jicho kabla hujakikata.

Ila sisi tunaosema Kiswahili tuna mtego wetu ambao programu za kupangia muda hazijui kabisa. Mshale mfupi uko kwenye 9, sisi tunasema saa tatu. Mtu mwenye akili tulivu anageuza bila kufikiri. Mimi nilimwahidi mteja saa tatu asubuhi, nikachukua simu haraka haraka nikaandika 3:00. Simu ikatii. Ililia saa tisa za usiku, nyumba nzima ikaamka, mama akadhani kuna msiba. Na saa tatu asubuhi yenyewe ilipofika, simu ilikuwa kimya kwa sababu imeshamaliza kazi yake. Kwenye karatasi jambo hilo haliwezi kutokea. Ukiandika "saa 3 asb" umeandika kile kile ulichotamka. Ndiyo maana saa ya ukutani ya dukani kwangu nimeizungusha saa sita mbele, mshale unaelekeza namba tunayoisema. Wateja wanacheka, wengine wanashtuka kwamba wamechelewa, lakini ni hesabu moja imepungua kichwani mwangu kwa siku, na hesabu hizo ndizo zinazonimaliza.

Saa ya jikoni ya kuzungusha nayo nilijaribu. Anayetajwa sana ni Mwitaliano Francesco Cirillo, ambaye mwishoni mwa miaka ya 1980, akiwa mwanafunzi, alitumia saa ya jikoni yenye umbo la nyanya kujilazimisha kusoma dakika 25 na kupumzika tano. Kwa kuweka zipu, dakika 25 zinatosha. Kwa kola, hapana, ukikatizwa katikati ya kola unaanza upya. Naitumia kwa kazi ninazozichukia tu: kufumua, kupiga pasi za mwisho, hesabu za mwezi. Mlio wake wa tiki-tiki unamkera binti, mimi unanituliza.

Na kama unaishi karibu na msikiti, usiidharau adhana, hata kama si Mwislamu. Inakuja yenyewe, haina kitufe cha kuzima, na haikupi kitu cha kuperuzi baada ya hapo. Dar haiko mbali na ikweta, kwa hiyo nyakati zake hazihami sana mwaka mzima. Alasiri ikiadhiniwa, mkasi wa kukatia unalala. Baada ya hapo ni kumalizia tu, hakuna nguo mpya inayoanzwa. Kanuni hiyo haijawahi kuhitaji bando.

Kwa wanaokunywa dawa kila siku, hapa vyombo viwili vinahitajika pamoja, na usiruhusu mtu akuchagulie kimoja. Alamu inakwambia muda umefika. Haikwambii kama umemeza. Unaizima, unaenda kuchukua maji, njiani unakuta kitu, na baada ya saa mbili unajiuliza: nimekunywa au sijanywa? Kujibu swali hilo kwa kubahatisha ni hatari. Kiboksi chenye vyumba saba vya siku saba kinajibu: chumba cha Jumatano ni kitupu, umekunywa. Alamu kwa ajili ya lini, kiboksi kwa ajili ya kama.

Kitochi na simu janja

Hili ndilo watu wanaloliota. Wakenya wanaita kabambe au mulika mwizi: simu ya batani, tochi kichwani, chaji ya siku kadhaa. Inapiga, inapokea, inatuma meseji. Pesa za mtandao nazo inafanya bila intaneti, kwa menyu ya nyota na reli, na si ajabu, maana M-Pesa ilipoanza Kenya Machi 2007 simu za watu wengi zilikuwa hizo.

Niliishi na kitochi wiki sita. Wiki ya kwanza ilikuwa kama jenereta ya jirani imezimwa: hukujua ilikuwa na kelele kiasi gani mpaka inyamaze. Nililala. Nilishona. Niliona kwamba mwembe wa nyuma ya duka una viota. Ningeandika makala hii wiki ile, ningekwambia tupa simu janja baharini.

Wiki ya tatu bili ikaja. Wateja wawili wa sare za harusi walienda kwa fundi mwingine kwa sababu "hupatikani WhatsApp," na sare za harusi ndizo zinazolipa pango. Kikao cha wazazi kilitangazwa kwenye grupu, sikuwepo, na mwanangu akaulizwa mbele ya wenzake mama yako yuko wapi. Halafu nikagundua jambo la kuchekesha. Siku moja sikuwa na simu ya kuperuzi, na bado nilipoteza dakika arobaini: nilikuwa nasafisha vumbi la uzi kwenye cherehani kwa pini, tundu kwa tundu, hata ambako mafuta hayafiki. Kichwa changu kilikuja nami kwenye kitochi. Ulichofunga ni mlango mmoja, na nyumba ina milango mingi.

Njia nyingine ni kuibakiza simu janja na kuifunga kamba: kuzima notifikesheni zote isipokuwa simu za kupigiwa, kuondoa rangi kwenye skrini, kuweka programu ya kufunga mitandao kwa muda. Kuzima notifikesheni kunasaidia kweli, fanya leo. Kuondoa rangi kulinisaidia siku nne. Programu ya kufunga ni kufuli ambalo ufunguo nimeushika mwenyewe, na hakuna mwizi anayenijua kama mimi.

Kilichonisaidia ni umbali. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas walifanyisha watu mitihani ya umakini, wengine simu ikiwa mezani, wengine mfukoni au kwenye begi, wengine chumba kingine. Wa chumba kingine walifanya vizuri zaidi, ingawa simu zote zilikuwa kimya. Waliorudia jaribio hilo baadaye hawakupata jibu lile lile kila mara, kwa hiyo usilichukue kama msahafu. Mimi nilijaribu kwangu: simu inakaa droo ya jirani yangu muuza vipodozi, milango mitatu kutoka kwangu. Nikiitaka lazima nisimame, nitoke, nisalimie, nieleze. "Shoga, si umekuja sasa hivi?" ananiambia. Hakuna programu yenye jicho lile.

Naichukua saa saba mchana na saa kumi na moja jioni, nusu saa kila mara: napakua picha za wateja, naandika kwenye kaunta buku, nairudisha. Laini ya wateja iko kwenye kitochi, anayetaka kunipigia ananipata. Kama hujui, WhatsApp ikishasajiliwa inaendelea kufanya kazi kwenye simu janja kwa wifi au kwa laini nyingine, hata ukiihamishia kitochi laini uliyoisajilia. Mpango huu si wa analojia wala wa dijitali, na hauna picha nzuri ya kuweka mtandaoni. Ila nguo zinatoka.

Na niseme ukweli, kuliko kitochi, kuliko droo, kinachonishika mezani ni yule binti kukaa upande wa pili anashona. Hanisimamii, wala hanisemeshi sana. Akiwa hayupo, hata daftari langu linakosa maana. Kama unafanya kazi peke yako chumbani, tafuta mtu wa kukaa naye kabla hujatafuta kifaa.

Pesa

Nilikuwa na hakika karatasi itashinda: bahasha tano, kila moja na jina lake, kodi, ada, vitambaa, chakula, umeme. Karatasi ilishindwa vibaya. Pesa taslimu dukani ni mwaliko. Anapita muuza mitumba, anapita wa matunda, bahasha ya umeme inaikopesha bahasha ya chakula, na jioni hakuna anayejua nani anamdai nani. Advansi nikipokea kwa simu, ujumbe unabaki, jina linabaki, ubishi unaisha. Hata makato ninayoyalaani yananisaidia: nikifikiria kutoa elfu tano na kukatwa, mara nyingi naghairi.

Upande wa pili wa simu hiyo hiyo ni mikopo ya kubonyeza. Mtu mwenye haraka ya mkono kama mimi hapaswi kuwa na mkopo ulio umbali wa tarakimu nne. Kwa kodi ya nyumba tu ndipo nimerudi kwenye kibubu cha mbao, kile kisicho na mlango. Kukivunja ni kelele na aibu, na aibu ni breki nzuri.

Mengine, kwa haraka

Kalenda ya ukutani inashinda ya simu kwa kuonyesha mwezi mzima kwa jicho moja. Ya simu inashinda kwa miadi ya mara moja, kama hospitali, kwa sababu inashtua. Andika kotekote. Redio inashinda muziki wa simu bila ubishi: haikuulizi unataka wimbo gani unaofuata, na swali hilo dogo ndilo linalonitoa kwenye cherehani. Kusoma kitabu, karatasi. Kutafuta maana ya neno au picha ya mshono, simu, na uende ukiwa umeandika kwenye kiganja ulichokifuata.

Ukiwa mtu wa ofisi na bosi wako anatuma kila kitu kwa barua pepe, usijidanganye na ndoto za kitochi. Anza na ubao na saa, simu iende kwenye begi. Ukiwa mwanafunzi, karatasi wakati wa kusoma, alamu ya simu kwa tarehe za mitihani, simu yenyewe ikalale sebuleni kwa mzazi. Ukiwa na mtoto mdogo au mgonjwa nyumbani, kitochi mfukoni si anasa, ni cha kukupa ruhusa ya kuiacha nyingine mbali.

Na kama pesa inatosha kitu kimoja tu mwezi huu, nunua saa ya ukutani ya mishale, uitundike mahali unapokaa, si mahali inapopendeza. Mwezi ujao daftari. Kitochi acha kwanza. Azima cha mtu kwa wiki tatu, si moja, maana ya kwanza itakudanganya.